Ngozi Yenye Masikio

Eliaichi wa Mhezi, kijiji cha milimani Upare, alikuwa mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua kumi, kisha kurudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Gunia lake la maharage alilishona kwa uzi mwekundu, na chini ya kifundo alilaza kijiti ambacho yeye peke yake alijua kimeelekea upande gani. Zamu yake ya maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ikikaribia, alipanda mwenyewe hadi bwawani kuhakikisha hakuna jirani aliyezibua mlango kabla ya saa. Watu walimcheka, lakini walimchekea mbali. Wapare wenyewe hutaniana kwamba Mpare atauza ng'ombe kumi ashinde kesi ya kuku mmoja. Pale kijijini waliongeza kwamba Eliaichi angemshtaki hata huyo kuku.

Mumewe, Kaleb, alikuwa mtu wa maneno machache. Jumapili moja ya kila mwezi aliamka mapema, akabeba chumvi ya mawe begani, akashuka tambarare. Aliporudi jioni alinuka moshi na maziwa. Ukimuuliza alikuwa wapi, jibu lilikuwa lile lile kwa miaka yote ya ndoa yao.

"Nilikwenda kumwona rafiki."

Mara mbili alirudi na ngozi kavu ya ng'ombe, ngumu kama bati, masikio yake yote mawili yakiwa bado yananing'inia. Alizitundika stoo. Siku moja Eliaichi alichukua kisu akate yale masikio, maana kila akiingia kuchukua jembe aliona kama kuna mnyama anamsikiliza. Kaleb, ambaye hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, alisema kutoka mlangoni kwa ukali, "Acha masikio." Akaondoka bila kueleza. Eliaichi aliliweka neno hilo moyoni, pembeni ya mengine aliyokuwa ameyaweka humo.

Halafu, mwaka jana, kiharusi kikampiga Kaleb akiwa kwenye migomba. Ulimi ukafa. Mkono wa kulia ukafa. Mkono wa kushoto ukabaki na kazi moja tu: alishika sikio lake, akalivuta, kisha akanyoosha kidole dirishani, kule chini kwenye vumbi la tambarare. Alivuta sikio, akaonyesha chini. Siku nzima.

Eliaichi akamtafutia gari, akampeleka zahanati. Mganga alimulika sikio kwa tochi, akasema haoni kitu, ila akatoa dawa ya matone isije ikawa ni kitu kilichojificha. Kila asubuhi Eliaichi alimdondoshea mumewe dawa sikioni, na kila asubuhi Kaleb alitoa machozi.

"Inamwasha," Eliaichi aliwaambia majirani.

Kaleb aliendelea kuvuta sikio lake kwa miezi mitano, mpaka alipofariki.

*

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao. Aliyekiongoza alikuwa Hezroni, mdogo wake Kaleb, ambaye zamani alikuwa karani wa josho la ng'ombe huko chini na mpaka leo alitembea na kalamu mbili mfukoni. Waliorodhesha mali za marehemu: nyumba, shamba la kahawa na migomba, kipande cha tangawizi, zamu ya maji, baiskeli.

"Kingine?" aliuliza mwandishi.

"Hakuna kingine," alisema Hezroni. "Andika hivyo hivyo: hakuna kingine."

Jackline, binti pekee wa Kaleb, ambaye ni muuguzi Dodoma, alisimama akasema msimamizi wa mirathi awe mama yake. Eliaichi alijikaza kusubiri shemeji yake akatae. Hezroni akaitikia kwa kichwa.

"Sawa kabisa. Nani mwingine kama si shemeji?"

Kukubali kule kulimnyima Eliaichi usingizi kuliko ambavyo ugomvi ungemnyima. Mtu hakupi ndizi bila kuangalia kwanza mkungu.

Yeye alitaka kitu kimoja tu, karatasi ya mahakama yenye jina lake, ili asije mtu siku moja akamtoa kwenye shamba alilomzikia mumewe. Akaanza kuitafuta. Muhtasari wa kikao aliupeleka kwa mtendaji wa kijiji ukapigwa muhuri. Cheti cha kifo kilimshusha Same mjini mara tatu: mara ya kwanza mtandao haupo, mara ya pili mhusika hayupo, mara ya tatu kikatoka, naye akakisoma akiwa bado dirishani, herufi kwa herufi, foleni ikinung'unika nyuma yake. Karatasi zote alizivika mfuko wa plastiki, akazifunga kiunoni chini ya kitenge. Usiku alilala nazo.

Katika Mahakama ya Mwanzo alipokelewa na karani kijana anayeitwa Fredrick, mpole, mwenye mafua yasiyoisha kwa sababu ya upepo wa Same. Fredrick alimjazisha fomu ya maombi, kisha akamweleza kwamba tangazo litabandikwa kwenye ubao siku tisini.

"Siku tisini za nini?"

"Za pingamizi, mama. Kama kuna mtu anaona hustahili, au ana haki yake kwa marehemu, ajitokeze aseme. Asipojitokeza, siku ya shauri hakimu anakuteua."

"Kwa hiyo mnawaita maadui zangu kwa tangazo."

Fredrick akapiga chafya. "Tunawaita wote, mama."

*

Tangu siku hiyo Eliaichi alishuka Same kila baada ya wiki mbili, si kwa shughuli nyingine, bali kuhakikisha tangazo lipo, halijachanwa wala kufunikwa na lingine.

"Mama Jackline, tangazo halina miguu," alisema Fredrick.

"Watu wanayo."

Safari ya pili ndipo alipomwona yule mwanamke. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, mrefu, shuka ya buluu begani, bangili za shanga hadi karibu na kiwiko, mtu wa wafugaji wa tambarare. Pembeni yake askari wa zamu alikuwa anamsomea karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa ya Kaleb. Eliaichi alijificha nyuma ya nguzo. Askari alipomaliza, mwanamke alishukuru, akangoja aondoke, kisha akamsimamisha muuza karanga, naye akamsomea ile ile. Baadaye akamwita dada mmoja mwenye sare ya benki. Mara tatu, watu watatu, karatasi moja.

Anatafuta mashahidi, Eliaichi aliwaza.

Alimfuata Fredrick dirishani. "Yule ni nani?"

"Anaitwa Nashipae. Ameuliza kama ni kweli aliyeomba ni mwanamke."

"Ukamwambia?"

"Si limeandikwa hapo, mama?"

Safari iliyofuata alimkuta tena, amekaa kwenye benchi chini ya ubao, miguu imenyooshwa, kama mtu anayelinda duka. Eliaichi akakaa upande wa pili wa benchi.

"Ulimfahamu marehemu?" Eliaichi aliuliza.

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi nimekuuliza kwanza."

"Na mimi nimekuuliza pili."

"Watu wa nyumbani kwake tunajuana," alisema Eliaichi. "Wewe hatukujui."

Nashipae akamgeukia, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, polepole. "Yule mzee goti lake la kushoto lilikuwa linamsumbua akikaa chini. Kweli au uongo, yeyo?"

Yeyo ni mama, kwa lugha yao. Eliaichi hakulisikia hata hilo. Alisikia goti. Mtu wa ubaoni angelijuaje goti la Kaleb?

"Una shida gani na mirathi yetu?"

"Siku ya kusema nitasema," alisema Nashipae, akajifunika shuka.

Jioni hiyo Eliaichi alimpigia Jackline. "Mama, muulize tu vizuri," binti alisema. "Labda amekuja tu kutoa pole." Eliaichi akakata simu. Mtoto aliyesoma sana naye ana upofu wake.

Akamuuliza Hezroni, kwa kuwa ndiye aliyewahi kufanya kazi tambarare. Hezroni alikuwa anakula makande. Aliposikia jina Nashipae alitafuna punje moja muda mrefu.

"Shemeji, nilitaka nisiseme kabisa," alisema. "Marehemu si wa kusemwa."

"Sema."

"Jumapili zile. Unadhani mtu anabeba chumvi miaka yote kwenda kumsalimia rafiki?" Akashusha sauti. "Kuna mtoto kule. Nilimwona kwa macho yangu. Sura sijui, ila masikio, shemeji, masikio ni ya Kaleb kabisa."

Eliaichi alijikuta ameshika ukingo wa meza. Sikio, halafu kidole dirishani, kule chini. Miezi mitano mumewe alikuwa anaungama, na yeye alikuwa anamdondoshea dawa.

Wiki moja kabla ya shauri, Hezroni alikuja nyumbani na barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba Eliaichi, kwa hiari yake, anajitoa, na kwamba anamwomba hakimu amteue shemeji yake.

"Yule mama akisimama na mtoto wake pale mbele, wewe utaanguka kwa aibu," alisema Hezroni. "Mimi nawajua. Niache nipambane nao. Shamba litabaki lako, nani atakugusa?" Akatoa kikopo kidogo cha wino, akakifungua. "Weka dole gumba hapa chini."

Eliaichi alikitazama kile kikopo. Alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mchungaji. Hezroni alijua. Alikuwapo siku alipotia saini muhtasari wa kikao. Dole gumba la nini, kama si kwamba aliyelitaka alipanga kusema baadaye kuwa huyu mama hajui kusoma, alisomewa akakubali?

"Niachie nilale nayo," alisema.

"Shemeji, siku zimekwisha."

"Basi nitalala haraka."

Aliiweka barua pamoja na karatasi nyingine kiunoni. Lakini hakuichana. Hezroni angeweza kuwa mwongo na bado mtoto akawepo.

*

Siku ya shauri upepo wa Same ulivuma kama kawaida yake, ukiingiza vumbi kupitia nondo za madirisha. Eliaichi alikaa benchi la mbele, barua mkononi, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameshaamua. Yule mwanamke akisimama na mtoto, atampa Hezroni barua, atoke nje kabla watu hawajaona uso wake. Hezroni alikaa nyuma yake, karibu kiasi kwamba alisikia kalamu zake mbili zikigongana.

Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alisoma maombi. Akamuuliza Eliaichi jina, ndoa, watoto. Akauliza kama mali zote zimeorodheshwa. Eliaichi akasema ndiyo. Kisha hakimu akainua kichwa.

"Kuna yeyote mwenye pingamizi?"

Benchi la nyuma likalia. Nashipae alikuwa amesimama, peke yake, na mzigo umefungwa kwa kamba mkononi. Eliaichi aligeuka, akatafuta mtoto. Hakuna mtoto. Mkono wake, ambao tayari ulikuwa umeanza kuinyoosha barua nyuma, ukabaki hewani.

"Shemeji, lete," Hezroni alinong'ona.

"Sogea mbele, mama," alisema hakimu. "Pingamizi lako ni nini?"

"Mimi sina pingamizi," alisema Nashipae. "Nina ngozi."

Akafungua kamba. Ikaanguka sakafuni kwa mlio wa bati, ngozi ya ng'ombe kavu, nyekundu yenye baka jeupe, masikio yote mawili mahali pake. Watu wakacheka.

"Mama, hapa ni mahakamani," alisema hakimu. "Si mnadani."

"Ndiyo maana nimeileta hapa. Kaleb alikuwa anaweka ng'ombe wake kwangu. Kwanza kwa mume wangu, na mume wangu alipokufa, kwangu. Ng'ombe akifa, mimi nampa ngozi na masikio, aone alama yake, asije akasema nimemla au nimemuuza. Huyu alikufa kwa ukame Kaleb akiwa mgonjwa, hakuja tena kuchukua. Nikasikia amekufa. Nikasikia kuna tangazo. Nikasema, hao watu wa mlimani watakuja na polisi wadai ng'ombe ambaye hayupo."

"Na kwa nini hukumwambia huyu mama siku zote hizi?"

Nashipae alimtazama Eliaichi. "Yeye pia hakuniambia ni nani. Mume wangu alipofariki walikuja watu watatu, kila mmoja anasema mimi ndiye mrithi, na wote walikuwa waongo. Nikajifunza. Mpaka hakimu aseme, mimi sijui kitu." Akanyoosha kidole juu ya bega la Eliaichi. "Huyo mzee naye alikuja kwangu wiki moja baada ya mazishi. Alisema yeye ndiye msimamizi, nimpe ng'ombe. Nikamwambia lete karatasi ya mahakama. Ndipo nikaja kusomewa ile karatasi ya ubaoni, nikaona jina si lake."

Kalamu mbili nyuma ya Eliaichi zilinyamaza.

Eliaichi alikuwa amepiga magoti kwenye ngozi bila kujua ameinuka saa ngapi. Aligeuza sikio la kushoto. Lilikuwa limekatwa pembetatu kwenye ncha, na chini yake mchano mdogo, sawasawa na zile mbili za stoo. Alikishika kile kipande kikavu, akakivuta kidogo, na papo hapo mkono wa kushoto wa Kaleb ukamjia mbele ya macho.

"Ninazo nyingine mbili nyumbani," alisema. "Nilikuwa nataka kuyakata."

Hezroni alisimama. "Mheshimiwa, hao ng'ombe ni wa ukoo. Kaleb alikuwa mlinzi tu. Mimi nilikuwa karani wa josho, nawajua mmoja mmoja."

Hakimu akafungua jalada, akatafuta muhtasari. "Wewe ndiye mwenyekiti wa kikao?"

"Ndiyo."

"Hapa umesaini kwamba zaidi ya hizi hakuna mali nyingine. Sasa unisaidie, mzee. Siku ile uliwajua hao ng'ombe, au hukuwajua?"

Dirishani, Fredrick alizuia chafya.

"Nilisahau," alisema Hezroni.

"Mmoja mmoja?" aliuliza mtu kutoka nyuma, na hakimu akalazimika kugonga meza.

Eliaichi aliteuliwa kabla ya saa sita. Hakimu alimpa miezi minne kuleta orodha kamili ya mali, ng'ombe wakiwemo. Barua ya kujitoa aliichana mle mle koridoni, vipande akavitia mfukoni. Hakuvitupa kwenye pipa la mahakama. Nani ajuaye anayeokota.

*

Jumapili iliyofuata alibeba chumvi ya mawe, akashuka hadi bomani kwa Nashipae. Alimwamkia bibi mmoja kikongwe getini, "Shikamoo," akaitikiwa, akaongozwa ndani. Nashipae hakumkaribisha kwanza. Alinyoosha mkono.

"Karatasi."

Eliaichi akaifungua kiunoni. Nashipae akaondoka nayo. Alimpelekea mwalimu aliyekuwa anapita, akasomewa. Akampelekea mke wa mwinjilisti, akasomewa. Akaenda hadi kibandani kwa wakala wa simu, naye akasoma mpaka muhuri. Eliaichi alikaa juani saa nzima, ametoa macho asiipoteze karatasi yake, na katikati ya jasho lile akashikwa na kicheko ambacho hakukijua tangu Kaleb aanguke.

"Mmoja anaweza kudanganya," alisema Nashipae alipomrudishia. "Wawili wanaweza kupatana. Watatu ni kazi."

"Kwa nini hakuniambia?" Eliaichi aliuliza. "Miaka yote ile."

"Alisema ukijua utashuka kuwakagua kila wiki, na ukoo utafuata nyayo zako, kila mwenye harusi na msiba achukue mmoja. Alisema atakuambia akizeeka."

Walikwenda zizini. Ng'ombe wa Kaleb walikuwa saba, na Eliaichi alimwendea kila mmoja, akainua sikio la kushoto, akapitisha kidole kwenye pembetatu na kwenye mchano. Alipofika kwa wa saba akarudi kwa wa kwanza.

"Ndiyo maana hakukuambia," alisema Nashipae.

Pembeni, kwenye kijumba cha miiba, palikuwa na ndama mwekundu mwenye baka jeupe. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Na huyu?"

"Amezaliwa Kaleb akiwa kaburini. Mimi siwezi kumkata sikio. Anangoja mwenye mali." Nashipae akachomoa kisu kidogo kiunoni, akamnyooshea mpini.

Eliaichi alikitazama kisu. Akamtazama ndama. Akamtazama Nashipae usoni, muda mrefu, kama alivyosoma cheti cha kifo dirishani.

"Kwanza mfungulie," alisema. "Nione atanyonya kwa nani."

Nashipae akaondoa miiba. Ndama akatoka mbio, akapita ng'ombe wa Nashipae watatu, akapita dume, akachomeka kichwa chini ya jike jekundu. Jike akageuka kumlamba, na sikio lake la kushoto likacheza juani, lina pembetatu.

Eliaichi akachukua kisu.